Ninavyopima hali ya vyoo Mukuru kabla ya kupanga chochote

Mimi huanza na keateka, yaani msimamizi, wa ploti ya vyumba vya kupangisha. Ramani zipo, hasa tangu kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru, mitaa ya mabanda jijini humo, kuwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, lakini ramani haisemi shimo la choo linajaa baada ya muda gani.

Namuuliza: mara ya mwisho shimo lilizolewa lini, nani alilipwa, na pesa ngapi? Ukiuliza kinyesi kinapelekwa wapi, utapewa jibu la kukuridhisha tu. Hesabu naifanya papo hapo. Ploti ya vyumba 20, watu 3 kila chumba, ina watu 60. Kwa makadirio ya lita 50 za tope kwa mtu kwa mwaka, hizo ni lita 3,000, kwa hiyo shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita 3 lingechukua mwaka kujaa. Keateka akisema linajaa kila miezi 3, kwa mwaka huzolewa lita 12,000, na zile 9,000 za ziada ni maji: ya kuogea, ya mvua, au yanayopenya kutoka ardhini. Akisema halijajaa miaka 5, zunguka ukuta upande wa mteremko. Tafuta paipu inayomwaga kwenye mtaro wa kuelekea mto Ngong.

Udongo mweusi wa upande huu hudanganya. Wakati wa kiangazi una nyufa, na maji ya jaribio la kupima jinsi udongo unavyonyonya huzama upesi kana kwamba ni mchanga. Chimba kishimo cha kipenyo cha sentimita 30, kijaze maji na ukiloweke usiku kucha hadi udongo ufure na nyufa zizibe, ndipo upime maji yanashuka milimita ngapi kwa saa. Kipimo cha maji ya ardhini kirudie masika, Machi hadi Mei. Cha Februari hakitoshi kuamulia kina cha shimo.

Ndani ya choo, tumia mti mrefu wenye alama kila sentimita 10. Juu ni majimaji, chini ni tope gumu lililochanganyika na matambara, nepi na chupa. Chukua sampuli juu, katikati na chini; ya juu peke yake itakufanya uamini kwamba eksosta, lori la kunyonya majitaka, itanyonya kila kitu. Haitanyonya. Kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600, hata pampu kamilifu haiinui maji zaidi ya mita 8.5 hivi, wakati Mombasa ingekaribia 10. Tope zito hupanda mita 2 au 3 tu.

Halafu tembea na tepu kutoka pale lori linapoweza kusimama hadi shimoni. Lori lina upana wa karibu mita 2.5, na vichochoro vingi haviliruhusu. Mpira wa kunyonyea ukipita mita 60 nguvu ya kunyonya hupungua sana, hivyo panga mapipa na mkokoteni, na uandike kila ngazi na mtaro wa kuvuka. Safari ya hadi mabwawa ya kusafishia majitaka ya Ruai ihesabu kwa saa, asubuhi na jioni, maana kilomita hazionyeshi msongamano.

Kiwanja kitupu cha kuhamishia tope kutoka mkokoteni hadi lori kikaguliwe kwa makini kuliko vyote. Kikiwa chini ya nyaya kubwa za umeme au ukingoni mwa mto, hakijengeki. Vinginevyo, muulize mzee wa kijiji ni nani anayekidai, kisha waulize majirani swali lilo hilo.