Nilivyoacha kukadiria bei kwa kutazama viatu vya mteja

Kwa miaka sita nilichora na kuuza picha za Tingatinga, ule mtindo wa wanyama wenye rangi kali, bila kujua kama napata au napoteza. Mteja akiingia kibandani kwangu Msasani, Dar es Salaam, namtupia jicho viatuni, kisha nataja bei. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Mwaka 2021 watalii walipokuwa wa kuhesabu, nikaingia mtandaoni kutafuta maarifa ya biashara kwa wasanii waliojiajiri. Mengi niliyoyakuta hayakunihusu. Usiku mmoja nilisoma maelezo marefu ya kujaza Schedule C hadi bando likakata, kumbe ni fomu ya kodi ya Marekani! Video nazo zilijaa maneno ya kujiamini, na kujiamini sikupungukiwa. Nilichotoka nacho ni jedwali la bure la Google kwenye simu, na kanuni ya kupanga bei kwa sentimita ya mraba.

Nilianza na picha moja ya twiga wawili, sentimita 60 kwa 80. Kitambaa, mbao za kuwambia, misumari, rangi ya kopo, bodaboda ya Kariakoo: 21,500. Nilikuwa naiuza 45,000, na inanichukua siku tatu. Ukigawa, ni chini ya shilingi 8,000 kwa siku, na hapo kodi ya kibanda bado. Nilirudia kujumlisha mara tatu nikidhani simu imekosea.

Basi nikachukua urefu mara upana, nikazidisha kwa shilingi 20. Twiga wakapanda hadi 96,000. Kwa picha ndogo kanuni ilinipunja, maana macho ya chui mdogo yanakula muda uleule wa chui mkubwa, kwa hiyo hizo nikazipa shilingi 25. Sentimita 30 kwa 40 ikawa 30,000. Mzee mmoja wa kibanda cha jirani alicheka sana: "Mwanangu, picha haipimwi kama zulia." Shikamoo yake naitoa kila asubuhi, lakini bei sikuirudisha. Wateja wakiona picha za ukubwa mmoja zina bei moja, kubishana kunapungua.

Faida nyingine sikuitegemea: jedwali la simu likawa kumbukumbu zangu za mauzo. Kwenye viwango vya Mamlaka ya Mapato (TRA) vya kodi ya makadirio, ile ya wafanyabiashara wadogo, vilivyotumika wakati ule, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Mwaka uliofuata niliuza 5,800,000, kwa hiyo nikalipa 54,000. Risiti nilizozoea kufutia brashi zikaanza kukaa kwenye bati la biskuti.

Katalogi ya WhatsApp Business aliniwekea mtoto wa kaka yangu. "Shangazi, piga picha mchana, karibu na mlango, na uandike vipimo," akasema, akaondoka na soda yangu. Kupitia hapo nikapata oda yangu ya kwanza ya Ujerumani.

Na hapo nikaharibu. Rangi ya kopo hukauka juu haraka, chini bado laini. Siku ya nne nikaivingirisha picha, nikaitia kwenye bomba la plastiki, nikaipeleka posta. Mnunuzi alinitumia picha bila neno: nusu ya shingo ya twiga imehamia nyuma ya kitambaa.

Nilimchorea upya bila malipo. Kwenye jedwali nikaongeza safu ya tarehe ya kukauka, wiki tatu, ndipo naweka karatasi ya kuokea juu ya rangi na kuvingirisha uso ukiwa nje. Twiga wa pili naye yumo, kwenye matumizi: 21,500 na gharama ya posta mara mbili.