Siku moja ya kadeti wa ubaharia

Saa 11 na nusu alfajiri firimbi inalia. Kitanda, kiatu, gwaride, ukaguzi, chai. Saa 2 tuko darasani na kanuni za mwaka 1972 za kuzuia meli kugongana, na mwalimu anazitaka kichwani.

Saa 4 bwawani. Watu wanaijua ile sare nyeupe ya kwenye picha. Hapa ni ovaroli, jaketi okozi na chelezo cha mpira kilichopinduka. Unasimama juu ya mtungi wake wa gesi, unavuta mkanda, unajitupa nyuma kwa uzito wote. Kinageuka na kukufunika. Unajitoa chini yake kimgongomgongo huku umebana pumzi. Nimekunywa maji ya kutosha. "Tena!" mkufunzi anasema.

Mchana napangiwa kuwatembeza wageni, wazazi na vijana wanaofikiria kujiunga. Baba mmoja ananing'ang'ania.

"Kijana, mshahara dola ngapi?"

"Inategemea cheo na meli, mzee."

"Akitoka hapa ni nahodha, siyo?"

Siyo. Namweleza taratibu: cheti cha chuo ni kimoja, cheti cha kushika zamu kwenye meli ni kingine. STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka kadeti wa sitaha, yaani anayesomea kuongoza meli, awe na angalau miezi 12 melini ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, akijaza kitabu cha mafunzo kazi baada ya kazi. Nje ya mafunzo hayo ni miezi 36. Unahodha uko mbele zaidi, baada ya miaka mingine ya kazi na mitihani.

"Sawa. Lakini dola?"

Jua linachoma, na ovaroli bado imelowa. Kijana wake kimya. Namuuliza yeye: macho yako yanatofautisha nyekundu na kijani? Meli usiku huonyesha taa nyekundu kushoto na kijani kulia. Ukizichanganya, sitaha huipati hata ufaulu vipi. Kapime kabla ya kulipa ada.

Ndipo naye anauliza: "Hiyo miezi 12, meli ananitafutia nani?"

Hilo ndilo swali, na kila chuo kiulizwe hivyo hivyo. Wapo waliomaliza darasa wakakaa nyumbani wakisubiri meli.

Baada ya hapo ni karakana, grisi mpaka kwenye viwiko, chakula, kujisomea huku nasinzia. Zamu ya ulinzi ni saa 6 usiku hadi saa 10. Baba yule ameniachia namba yake. Anataka tuongee vizuri kuhusu dola.