Kutoka Kizigo hadi bahari kuu: chumvi ndiyo kipimo

Mvua inayoingia Mto Kizigo, huku magharibi ya Dodoma, haiishii bwawa la Mtera. Inashuka na Ruaha Mkuu, inaingia Rufiji, inamwagika karibu na Mafia kwenye maji ya kina kifupi. Hapo inakutana na maji ya bahari kuu, na kiasi cha kukutana huko hubadilika mwaka hadi mwaka.

Chumvi hutupa hesabu ya kukutana huko, kwa kuwa maji ya mto hayana chumvi na chumvi ya pwani inatoka bahari kuu. Tuseme mto unaleta meta za ujazo 1,000 kwa sekunde, bahari kuu ina gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, na maji ya pwani yana 34. Zidisha 1,000 kwa 34, gawanya kwa tofauti, yaani 1: meta za ujazo 34,000 za bahari kuu zinaingia kila sekunde. Chumvi ya pwani ikipanda hadi 34.5, jibu linaruka hadi 69,000. Nusu gramu tu! Kwa hiyo chupa ya kuchukulia maji ya kupima isiyofungwa vizuri, maji yakapungua kwa mvuke, inaharibu hesabu ya mwaka mzima. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale unayopima, kisha kaza kifuniko.

Kosa kubwa zaidi ni kulinganisha Aprili ya mwaka huu na Agosti ya mwaka jana. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mkondo wa pwani hukimbia kuelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, mkondo huo hupungua kasi. Pima chumvi mwezi uleule kila mwaka, na mto upimwe mwaka uleule unaopima chumvi, la sivyo mafuriko ya Rufiji utayasoma kama badiliko la bahari.