Nilivyopanga upya kazi baada ya kupunguzwa

Nilipopunguzwa ukeshia wa benki, kila aliyenipa pole alinipa na biashara: fuga kuku, fungua duka, uwe wakala wa pesa kwa simu. Nikajizuia kuchagua chochote kabla sijajua nina miezi mingapi mkononi.

Nilianza na makaratasi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kiinua mgongo hakipungui siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, ila hesabu inakomea miaka 10. Mimi nilikuwa na 12, kwa hiyo siku 70, si 84 kama nilivyojipigia kichwani. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au malipo yake. Anayepinga kuachishwa ana siku 30 tu za kufika CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na wengi huzimaliza wakisubiri kupigiwa simu na ofisi ya utumishi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, ukiwa umechangia miezi 18 au zaidi.

Kisha daftari, mimi na baba watoto. Tulichora safu tatu: visivyogusika (kodi, ada, chakula, dawa), vinavyopunguzika (king'amuzi, bando), na vya watu: kikoba, michango ya harusi, pesa ya wazazi kijijini. Hii ya tatu ndiyo inayogombanisha, maana kila mmoja hutetea kwao. Tulipunguza pande zote mbili kwa kiwango kilekile, na kila mtu akawaambia wa kwao mwenyewe. Mke akimwambia mama mkwe "hakuna", neno linafika likiwa lingine. Akiba yote tukaigawa kwa matumizi mapya, ikatoka miezi 7. Miwili tukaiweka ya dharura, mitano ya kujaribu.

"Keshia" peke yake haiuzi. Niliandika vitendo: kufunga hesabu ya siku bila upungufu, kutambua noti bandia, kutuliza foleni iliyochoka. Nikawapelekea wafanyabiashara watatu na swali moja: lipi hapa ungelilipia? Wawili walisema kufunga hesabu. Foleni hakuna aliyeitaja.

Uwakala niliujaribu kwa kukaa wiki mbili kwenye kibanda cha mwenzangu sokoni. Jioni wachuuzi wanaweka pesa, floti (salio la kwenye simu) inakauka huku droo imejaa noti. Mwisho wa mwezi watu wanatoa, inakuwa kinyume. Mtaji lazima utoshe pande zote mbili, na kila unapofunga dirisha kwenda kubadilisha, mteja anahamia kibanda cha jirani. Nikaachana nao kabla sijatia shilingi.

Nikabaki na kufunga hesabu. Nilianza na duka moja la dawa, kila Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, nikilinganisha daftari la mauzo, stoo na miamala ya simu. Mwezi wa kwanza nilitoza nusu ya bei, tukaandikiana kwamba wa pili ni bei kamili. Bila maandishi, hiyo nusu ndiyo inakuwa bei yako.