Palermo: jumba limebaki, bustani imekwenda

Zisa ya Palermo, kisiwani Sisilia, Italia, yataka uitazame kwanza kwa mbele, bahari ukiwa umeipa mgongo. Ni jumba la mawe la pembe nne, refu, la rangi ya mchanga, na kwa nje halina mapambo mengi. Mfalme William wa Kwanza wa Sisilia, Mkristo na Mnormani, yaani wa watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, alianza kulijenga mwaka 1165, na mwanawe William wa Pili akalimalizia. Ukiinua macho hadi kule juu kabisa utaona meno kama ya ngome, na kwenye mawe ya meno yale vipande vya herufi za Kiarabu: mkia wa herufi hapa, shina la alifu pale. Zamani ukingo ule ulikuwa umeandikwa mstari mrefu wa Kiarabu. Waliolimiliki jumba baadaye wakaukata kipande kipande ili nyumba ya starehe ifanane na boma. Mamangu alisimama juani na mtandio wake kichwani, akajaribu kuziunganisha zile herufi, asipate hata neno moja kamili. Niliumia kuona hivyo.

Tulikwenda Agosti, watoto wakiwa wamefunga shule, na joto la Palermo mwezi huo sikwambii. Ndani ya Zisa ndipo mwili wangu ulipotulia. Ukipita matao ya mbele unaingia kwenye ukumbi wa chemchemi, na ukumbi huu ndio roho ya jumba zima. Kwenye ukuta wa ndani kuna mdomo wa maji. Chini yake bamba la marumaru limelazwa mshazari, limechongwa mistari ya kwenda upogo, ili maji yashukapo yavunjikevunjike na kutoa sauti. Yakifika sakafuni huingia mfereji mwembamba, hupita kwenye vibirika viwili vya mraba, kisha hutoka nje mpaka kwenye bwawa la samaki lililokuwa mbele ya jumba. Siku tuliyofika marumaru ilikuwa kavu. Hata hivyo nilichuchumaa nikaufuata mfereji kwa macho toka ukutani hadi mlangoni, na nikaona jinsi ulivyonyooshwa, hauna kona hata moja.

Sasa fikiria upepo. Uso wa jumba umeelekezwa baharini makusudi. Upepo wa bahari ulipita kwanza juu ya bwawa, ukapoa, ukaingia kwa matao, ukakutana na maji ya ukumbini, ukapoa tena. Hewa ya moto ikapanda na kutokea kwa matundu ya juu. Mafundi wa karne ya 12 walilipa jumba pumzi kwa maji, kivuli na mwelekeo wa ukuta. Juu ya chemchemi kuna picha ya vijiwe vya rangi na dhahabu: tausi wanadonoa tende, wapiga mishale wanawalenga ndege mtini. Bustani ilianzia ukutani ikatoka nje mlangoni.

Na huko nje ndiko kulikonitia majonzi. Zisa ilikuwa ndani ya Genoardo, bustani kubwa ya kifalme ya miti ya matunda, mifereji na mabwawa, iliyotanda kutoka mjini kuelekea milimani. Leo ukitoka unakutana na magorofa. Pametengenezwa bustani mpya mbele ya jumba, nayo nawapongeza waliofikiria, lakini haifikii hata robo ya ile ya kale. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, uwanda wote unaozunguka mji, Conca d'Oro, uliokuwa umejaa michungwa na milimau, ulijengwa majumba ya kupangisha toka miaka ya 1950 na kuendelea, mashamba yakafa moja baada ya jingine. Mwaka 1971 upande mmoja wa Zisa uliporomoka. Likakarabatiwa, wala haikuwa kazi ndogo, na mwaka 1991 likafunguliwa kuwa makumbusho. Jiwe likianguka, watu hushtuka. Mchungwa ukikatwa, nani hushtuka? Mimi naona aliyejenga Zisa angeshangaa kusikia kwamba nyumba yake imehifadhiwa, maana kwake bustani ilikuwa nusu ya nyumba.

Humo makumbushoni kuna jiwe la kaburi ambalo lilituweka kwa muda mrefu. Ni la mwanamke aitwaye Anna, aliyefariki mwaka 1148. Mwanawe, Grisanto, alikuwa padri wa mfalme. Alimwandikia mamake kwa Kilatini, kwa Kigiriki, kwa Kiarabu, na tena kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na kila maandishi yakahesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Mamangu aliusoma ule mwaka wa Hijra akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu mtoto alitaka kila apitaye amwombee mamake."

Kesho yake tukaenda kwenye kasri la mfalme kuiona Cappella Palatina, kanisa la humo kasrini, alilolijenga mfalme Roger wa Pili, babake William wa Kwanza, na likawekwa wakfu mwaka 1140. Watu wengi huganda kwenye dhahabu ya kutani, na wana haki, kwani Kristo wa kwenye kuba anang'aa hata taa zikiwa hafifu. Mimi niliangalia dari. Ni ya mbao, imechongwa vijikuba vinavyoning'inia juu ya vijikuba, na kila kijipande kimechorwa na mafundi Waislamu: wapiga ala, watu waliokaa mkekani na vikombe mkononi, wanaocheza sataranji. Shingo iliniuma na sikujali.

Katika baraza la Roger huyuhuyu ndimo alimofanyia kazi Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu, ambaye mwaka 1154 alikamilisha maelezo na ramani ya dunia kama ilivyojulikana, kusini ikiwa juu. Humo ametaja Malindi na Mombasa. Nilimwambia mamangu pale pale uani, chini ya nguzo, kwamba miji ya kwetu iliandikwa hapa kabla Wareno hawajaijua njia ya kwetu. Akaniambia nirudie, nikarudia.

Kanisa kuu la mji lilianza kujengwa upya mwaka 1185, mahali palipokuwa msikiti. Kwenye baraza la upande wa kusini kuna nguzo yenye maandishi ya Kiarabu. Mamangu alianza kwa kuhangaika na herufi, alipoipata "rabbakum" akaendelea mwenyewe kwa moyo: ni sura ya Qurani ya Al-A'raf, aya ya 54, ya Mola aliyeumba mbingu na ardhi na anayeufunika mchana kwa usiku. Waumini walikuwa wanaingia kusali misa huku yeye anasoma. Hakuna aliyetugeukia.

Kwa bahati njema, si bustani zote zilizokwenda. Kule San Giovanni degli Eremiti, kanisa dogo la kuba nyekundu, kuna ua wa watawa wenye nguzo mbilimbili, na katikati miti, asumini na madanzi, ambayo tulikuta bado mabichi. Waarabu ndio walioyaleta madanzi Sisilia, pamoja na miwa. Nyuma ya nguzo zile joto lilipungua kabisa. Na upande wa bahari kuna Orto Botanico, bustani ya mimea iliyofunguliwa mwaka 1795. Nenda kwa ajili ya mti mmoja tu: mkubwa wa jamii ya mikuyu, ulioletwa kutoka Kisiwa cha Norfolk mwaka 1845. Mizizi imeteremka kutoka matawini, ikagusa udongo, ikanenepa ikawa mashina mapya, mpaka hujui ulianzia wapi. Watoto walicheza humo kibe mpaka tukaitwa kutoka.

Ukijaliwa kwenda, anza na Zisa kabla ya Cappella Palatina, ili ukiiona ile dari ujue mafundi wake walitoka katika elimu gani. Na watu watakukataza kwenda Agosti kwa sababu ya jua. Nenda Agosti hiyohiyo, saa saba mchana, usimame katikati ya ukumbi wa chemchemi ukielekea mlangoni.