Wa chama cha wafanyakazi wanalalamika zaidi ila kuacha kazi hawaachi

Hii ishu hunichekeshaga sana. Kwa miaka mingi ukiwauliza wafanyakazi kama wanaridhika na kazi zao, wale wa chama cha wafanyakazi ndo walikuwa wanajibu vibaya kuliko wenzao wasio na chama, halafu hao hao ndo hawatoki. Utadhani wanafiki.

Mchumi George Borjas aliliona hilo kwenye data za Marekani mwaka 1979, na mwaka uliofuata mchumi mwenzake Richard Freeman akaonyesha kwamba wanachama wanaacha kazi kwa hiari yao mara chache kuliko wengine, hata ukilinganisha watu wa mshahara uleule, yaani siyo hela tu inayowashika. Freeman alilijenga hilo juu ya wazo la mchumi Albert Hirschman la 1970, kwamba mtu akichoshwa na mahali ana njia mbili, aondoke au aseme.

Sasa chukulia zamu zimebadilishwa ghafla na huna chama. Utamwambia nani, bosi huyohuyo aliyezibadilisha? Unanyamaza zako, usiku unatuma CV kwingine. Mwenye chama anaenda kwa mwakilishi wao, malalamiko yanaandikwa, kinaitishwa kikao, maneja anatakiwa ajibu ndani ya siku zilizowekwa kwenye mkataba na akikaza shingo suala linapanda juu, na muda wote huo jamaa anaongelea ubovu wa kazi yake tu, mpe fomu ya kupima kuridhika uone atajaza nini! Lakini anapigania kubaki. Na kuna ule ukongwe kazini, nani achague likizo kwanza, nani apunguzwe mwisho, ukihama unaanza sifuri.

Ila tusidanganyane, sehemu zenye kazi mbovu ndo watu wana hamu ya kuunda chama, kwahiyo hasira nyingine chama kiliwakuta nazo. Na mwaka 2020 wachumi David Blanchflower na Alex Bryson walipopitia data za Marekani na Ulaya wakakuta kibao kimegeuka, wanachama ndo wanaoridhika zaidi siku hizi.

Ndo maana mtu akinionyesha matokeo ya fomu za kuridhika peke yake namwambia alete na orodha ya walioacha kazi mwaka huo. Sababu zao asisumbuke nazo, kwenye barua wote wameandika "sababu binafsi".