Mwani ulikufa, sisi tukabaki

Ndugu zangu, leo nataka niseme na yeyote aliyekata tamaa.

Hapa Paje, Zanzibar, kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989. Mama zetu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa mwani. Na mimi nikaingia baharini nyuma yao, nikalima kotonii, aina ya mwani ambao ndio wenye bei.

Kisha maji yakaanza kuwa moto. Unashuka wakati wa bamvua, bahari imekupwa, unakuta mwani umegeuka mweupe, umelainika, ukiushika unakatika. Jasho la wiki nzima limekwenda na maji! Nililia pale pale, na wenzangu walilia. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, ulivumilia joto, lakini bei yake ni ndogo mno kwa mgongo unaouma hivi.

Wallahi ningeacha. Lakini kina dada wakaniita: tuukaushe wenyewe, tuusage, tutie kwenye sabuni. Mafuta ya nazi, kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni), unga wa mwani, mafuta ya karafuu au mchaichai. Kostiki inataka adabu, inaunguza. Na sabuni haina haraka, lazima ikae wiki kadhaa ikomae. Huko Jambiani wengine wanafuga sponji za baharini, zile za kuogea.

Alhamdulillahi, muhula huu ada ya mwanangu imetoka kwenye sabuni. Dada uliyepoteza shamba lako, usikae ndani peke yako. Njoo Alhamisi baada ya alasiri, tutakufundisha bure. Chukua glovu tu, unga wa mwani tunao.